Sarafu ya Mia Mbili

Saa kumi na moja alfajiri, uwanja wa ndege Dodoma.
Upepo umeamka kabla yetu,
unanijaza vumbi jekundu kwenye kona za macho.
Imelala pale na rangi yake mpya.
Kiwanda kimeiita Mbayuwayu Sabini;
sisi wa karakana tunaiita Bi Harusi:
nzuri, na hupaswi kuuliza sana.

Nimepanda ngazi mpaka mkiani
na sarafu ya mia mbili, simba akinitazama.
Kitabu kinaruhusu: gonga, sikiliza,
sogea upana wa kidole, gonga.

Ti. Ti. Ti. Ti.
Ti.
Bu.

Narudi nyuma kidole kimoja. Ti.
Nasogea. Bu.
Eneo la kiganja cha mtoto
ambamo gundi imeachana na nyuzi zake
na rangi juu yake inacheka tu.

Mama yangu alifinyanga vyungu Mvumi.
Kusoma hakujua.
Alikiinua chungu kwa vidole vitatu,
akakigonga kwa kifundo,
akatega sikio kama anayeambiwa siri ya jirani.
Kilicholia kama kengele kilikwenda mnadani.
Kilichokohoa alikitwanga mbele yetu,
sisi watoto tukiuona unga wa kesho ukivunjika,
na chengachenga zake akazichanganya na udongo mpya.
"Mteja hagongi," alisema. "Mteja anaamini."

Waraka wa kiwanda ninao, umekunjwa mfukoni mwa ovaroli.
Umeandikwa kwa upole, kama barua ya posa:
hali hiyo imeonekana katika ndege chache,
haiathiri usalama kwa sasa,
ikaguliwe tena baada ya safari mia sita.
Nimelisugua hilo "kwa sasa" kwa macho
mpaka limetoka malengelenge.

Kisanga wa ratiba anapiga simu.
"Damari, abiria sitini na wanane.
Wabunge kumi na mmoja, Bunge limeahirishwa jana.
Waraka unaruhusu. Wewe ni nani?"

Mimi ni saini.
Sentimita nne za wino
chini ya fomu ambayo abiria hajawahi kuiona.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Kule juu ya milima ya Kilosa, futi elfu kumi na saba,
hakuna tofali.

Nikarudisha kifuniko kwenye kalamu.

Jua lilipopanda, walinitazama kupitia kioo.
Mzee mmoja na boksi la zabibu za Hombolo
zilizoanza kutoa jasho.
Mama mmoja na miadi yake Muhimbili,
bahasha ya eksirei ameikumbatia kifuani,
na huyo ndiye niliyeshindwa kumtazama.
Wengine waliita bajaji, wakakimbilia treni ya umeme,
wakinitaja kwa majina
ambayo upepo ulinifikishia yote, halikupotea hata moja.

Wiki ya pili sasa, Bi Harusi hajatoka.
Wataalamu wa kiwanda walikuja na mashine yenye kioo,
wakaupiga picha mkia, wakanong'ona kwa lugha yao,
wakanywa soda zetu.
Walirudi Dar es Salaam kwa treni.

Kisanga ananiuliza, safari hii bila ukali,
"Na kama isingeanguka?"

Huenda isingeanguka.
Ndege isiyoanguka haina mashahidi.
Hakuna mtu aliyewahi kuja nyumbani kwetu
kumshukuru mama kwa uji ambao haukumwagika.

Usiku nagonga vitu: meza, mlango, ndoo ya maji.
Mume wangu anasema, Damari, lala.
Sauti ya bu haininyimi usingizi.
Naogopa asubuhi ile sikio litakapokuwa limechoka,
mshahara umechelewa, simu inaita,
na kila ninachokigusa kinaniambia
ti.