Nundu

Barua ya hospitali ilikaa miezi mitatu chini ya kopo la sukari,
Wolverhampton, Barabara ya Dudley, ghorofani juu ya kinyozi.
"Umetimiza miaka sitini na mitano. Karibu upimwe mshipa mkuu wa damu."
Nikacheka. Serikali hii hunikumbuka kwa kodi tu,
leo inauliza hali ya tumbo?

Mashavu akaisoma kwa sauti, miwani kwenye ncha ya pua.
"Kwani Shee alikufa na nini?"
Mgongo, nikasema. Alilalamika mgongo alasiri moja,
wakampa panadoli, wakamkanda kwa mafuta ya nazi,
kabla ya adhana ya isha tukapigiwa simu.
Wengine walisema kijicho. Wengine, ahadi yake imefika.

Nikaenda.
Pazia la buluu, mvua dirishani.
Binti mmoja, Jaswinder, akanipaka tumboni ute wa baridi,
akapitisha kidude chake juu ya kitovu,
akanyamaza.
Nimefunga matairi miaka thelathini na mmoja;
nakijua kimya cha fundi aliyeona kitu.

Akanigeuzia skrini. Giza, ndani ya giza bomba,
na bomba lina mimba.
"Nne nukta sita," akasema.
Sikuhitaji mkalimani.
Tairi likigonga ukingo wa barabara, nyuzi za ndani hukatika kimyakimya,
upepo ukasukuma pale palipolegea:
nundu kama yai, ubavuni.
Na gari linakwenda. Hapo ndipo penye balaa.
Mteja hukwambia, "Lakini halivuji."

Sigara? Tangu Mombasa, pakiti kwa siku.
Presha? Vidonge viko kabatini, vimelala.
Ndugu?
Nikalitaja jina la Shee mbele ya wageni,
mara ya kwanza tangu matanga.

Kila miezi mitatu nikarudi. Nne na nane. Tano. Tano na mbili.
Sigara niliacha, si kwa ushujaa, kwa hesabu.
Ilipofika tano na nusu, mpasuaji, Bwana Pritchard,
akanionyesha bomba la kitambaa
lenye mikunjo kama mkono wa kanzu iliyovuliwa kwa haraka.
Wengine huingizwa kwa waya kupitia kinenani;
nundu yangu shingo yake fupi, itabidi kufungua.
Akaitaja hatari nayo, bila kuipaka asali.

Mashavu, aliyeshona mapazia ya watu tangu tufike,
akakipapasa kitambaa kwa kidole gumba.
"Unashonea uzi gani?"
Yule bwana akamjibu kama fundi mwenzake, wakasahau kuwa nipo.

Sasa nina mshono kutoka chembe cha moyo hadi chini ya kitovu.
Nikicheka, unavuta.

Jana nimempigia Famau, mtoto wa Shee. Ana hamsini na mbili.
Nimemweleza yote: baba yake, mimi, tairi.
"Ami," akasema, "mbona mimi siumwi popote,"
na nyuma ya sauti yake
nikasikia kiberiti.