Theluthi ya Sekunde

Duka la Zamzamu lina mashine sita, nne zinawaka.
Mimi ni wa mashine ya tatu,
ile iliyofutika herufi W kwa vidole vya watu.
Saa moja, shilingi elfu moja na mia tano.
Nje, mtaa wa Oli unakaanga chapati na mayai
mpaka kibodi zetu zote zinanuka kitunguu.

Uganga wangu ni mmoja tu, Mkuki wa Jivu.
Ukibonyeza, mkono wa mchawi hupanda kwanza,
midomo hunena,
nusu sekunde nzima amesimama kama mlingoti,
ndipo mkuki utoke.
Wageni waliuchukia. Waliuona mzito.
Mimi niliupenda kwa uzito huohuo.

Maana toka Arua picha hufika imechoka:
itoke nchi ya baridi iliko seva,
ipite chini ya bahari, ipande Kampala,
ivuke Nile pale Pakwach,
theluthi ya sekunde imekwisha liwa njiani.
Ninapouona mkono wa adui ukipanda
tayari ulikwisha panda.
Lakini tano toa tatu, zabaki mbili,
na katika mbili hizo
mimi, Ayikoru binti Onzima,
nilijua kuruka.

Mwezi wa nne wakaupunguza.
Kutoka sehemu tano za kumi hadi mbili.
Tangazo likasema: tumeufanya mchezo uwe mwepesi.

Mwepesi.

Sasa toa tatu kwenye mbili.
Hata Drani, aliyeachia shule darasa la tano,
aliinua macho kwenye sufuria ya mafuta akasema,
"Dada, hilo ni deni."
Nikawa nachomwa na mkuki
ambao kwangu mkono wake bado haujapanda.
Wiki tatu nilikufa hivyo,
jioni baada ya jioni, kwa fedha yangu mwenyewe.
Bundi Mweupe ndiye aliyeniua zaidi.
Simjui. Anakaa karibu na seva, hilo najua:
alikuwa akiruka kabla sijamaliza kutaka.

Dawa sikuipata kwenye skrini.
Niliipata sokoni, kwa muuza nyanya,
anayetazama miguu ya mteja, hatazami uso.
Ukigeuza kisigino tu, bei inashuka.
Wala hukwenda popote. Uligeuza kisigino.

Basi jana usiku nikamgeuzia Bundi kisigino.
Nikaanza Mkuki, mkono ukapanda,
nikaukata kwa hatua moja ya kushoto
kabla midomo haijanena.
Akaruka. Bila shaka akaruka, ana kasi,
na kasi yake ikamuuza.
Akisharuka, miguu haina mruko mwingine
mpaka sekunde tatu zipite.

Wasemao chelewa chelewa utakuta mwana si wako
hawajacheza toka Arua.
Moja, nilihesabu.
Sikulenga aliposimama; pale palikuwa habari ya zamani.
Nililenga jiwe ambalo angelikimbilia,
jiwe tupu, lisilo na mtu,
nikabonyeza,
Zamzamu akicheka nyuma yangu: "Unachoma mawe siku hizi?"

Halafu ile theluthi.

Mkuki unakwenda jivu likifuka,
jiwe bado tupu,
Bundi bado yuko kule, mzima, anageuka,
anainua mkono wake,
na mimi nimekaza meno, jasho kwenye kipanya,
nikisema moyoni nimekosea tena,
elfu moja na mia tano nyingine,
bora ningenunua sabuni.

Ndipo nikamwona kwenye jiwe, ameanguka,
amelala kama kanga iliyodondoka kambani.

Hiyo ndiyo inayonisumbua tangu jana.
Kule, alikwisha kufa.
Hapa, mimi nilikuwa bado namwogopa.