Washa ya Ndala

Koki yangu ya jikoni ilianza na tone moja, Mfungo Tano.
Nikasema, aa, itajinyamazia.
Mfungo Sita ikawa haijui usiku wala mchana:
to, to, to, ndani ya sufuria.

Wahenga wametuachia haba na haba. Sawa.
Lakini wahenga hawakuwa na mita ukutani,
wala yule kijana wa bili na kalamu yake sikioni.

Nikampigia fundi. Fundi wetu anaitwa Mtoro,
na waliompa jina walijua wanachokifanya.
"Niko njiani, mama, nipo hapa Usalama."
Jumatatu yuko Usalama. Alhamisi yuko Usalama.
Mtu gani huyu anayekaa salama hivyo,
na mimi nimeifunga koki kitambaa shingoni,
ncha yake inaning'inia hadi kwenye sufuria
ili tone literemke kimyakimya, kama mwizi?

Mtaa wetu ni Mapipa, na mapipa tunayo:
langu la bluu, jeusi la Bi Kondo mwenye nyumba,
maana maji huku huja yanapopenda, usiku wa manane;
bomba hukohoa kwanza, likatema hewa, likatema kutu,
ndipo yakaja.

Ijumaa jioni nikachoka.
Nikafunga koki kubwa ya nje, pale kwenye mita.
Zamda wa chumba cha pili akanimulikia kwa tochi ya simu.
Nikashika spana malaya
(samahanini, ndilo jina lake, haichagui nati).
Zungusha, shikilia, zungusha,
koki ikanitolea moyo wake mkononi:
kijiti cha shaba, na chini yake washa,
kiduara cha mpira, hakifiki kifungo cha koti,
kimeliwa upande mmoja.
Kumbe ni hiki tu?

Maduka ya vifaa yameshafungwa.
Chini ya kitanda kuna ndala za Shomvi.
Miaka miwili sijazigusa, nafagia kwa kuzizunguka.
Ya kulia imeliwa kisiginoni, alikuwa akivuta mguu,
lakini mbele, pale ambapo dole gumba halikufika,
mpira ulikuwa mzima, mnene, kama wa dukani.
Nikaweka washa ya zamani juu yake, nikaizungushia kalamu.
Nikakata.
"Mama Mgeni, unalia?"
"Shika tochi sawasawa," nikamwambia.

Tepu nyeupe kwenye nyuzi, raundi saba,
kufuata upande wa kukazia
(hilo Mtoro ndiye aliyenifundisha, nimpe haki yake).
Nikakaza, si sana.
Kukaza mno ndiko kulikoiua ile ya kwanza:
Shomvi alikuwa na mkono mzito, kila kitu alikifunga
kana kwamba hatakifungua tena.

Saa nane usiku bomba likakohoa.
Nikayasikia maji yakipanda ndani ya ukuta,
yakafika kwenye koki, yakasimama.
Nikangoja to.
Nikangoja.
Sikulala kwa ule ukimya.

Asubuhi Bi Kondo amegonga.
Ya kwake nayo inavuja, Zamda kamwambia, anaomba kipande.
Mpira uliobaki unatosha washa kumi.
Nimemwambia dukani ni shilingi mia tano.