Mbuzi Elfu Tatu

Nilikuchorea wewe kwanza, Fundi Mhando,
kwenye boksi la sabuni, Barabara ya Kumi na Saba:
mbuzi ya kukunia nazi, inayokunjika,
ilale chini ya kitanda cha mpangaji wa chumba kimoja.
Ukaipima kwa shubiri, ukasema, "Njoo Jumanne."

Jumanne umeme ulikatika.
Jumanne ya pili ulikuwa Handeni, msibani.
Jumanne ya tatu nikapata tano,
kila moja na kimo chake,
moja inachechemea.
Elfu kumi na nane kwa moja, ukasema,
na hapo umenionea haya.

Ndipo mpwa wangu Mbaruku akanifungulia simu:
kiwanda, Guangzhou, elfu nne tu kwa moja,
ila hawawashi mashine chini ya elfu tatu.
Elfu tatu!
Nikauza kiwanja cha Pongwe,
nikachukua na zamu yangu ya kikoba, na ya shoga yangu Mwanamkasi.

Mchoro wao wa kwanza ulirudi na pembe.
Mashine ya kutafsiri ilisoma mbuzi, ikaona ndevu.
Nikamwandikia Bibi Lin: kwetu tunasema mbuzi hii,
si mbuzi huyu.
Huyu anakula majani. Hii inakula nazi.
Akanijibu kwa kidole gumba.

Sampuli ilikuja kwa ndege,
imeviringishwa karatasi laini kama mwali.
Ikakuna nazi mbili bila kukwaruza.
Mtaa mzima ulikula wali siku ile,
na mimi nikatuma pesa iliyobaki.

Siku arobaini majini.
Siku kumi na tisa bandarini,
ambapo kila karatasi ina mama yake
na mama yake yuko ofisi nyingine:
ushuru, tozo, hifadhi,
na ada ya kuchelewa kulipa ada.
Ile elfu nne ilipofika Ngamiani
ilikuwa imekua, imeota ndevu kweli.

Nikafungua boksi la kwanza. Nazi kavu ya Kigombe.
Meno yakalala.
La pili. Yakalala.
Kuna mtu, kwenye meza fulani,
alipunguza nusu milimita ya bati,
na nusu milimita mara elfu tatu
ni mshahara wa mtu.
Wahenga walinikanya mbuzi kwenye gunia.
Hawakunitajia kontena.

Bibi Lin aliandika kwa adabu: tumefuata mchoro.
Nikautazama mchoro usiku kucha. Kweli.
Unene wa jino sikuuandika.
Wewe pia sikukuandikia, Mhando,
lakini mama yako alikuna nazi
na wewe mgongoni, ukitikiswa.

Nikaja kwako na moja kwapani.
Nilitaka ucheke, tumalizane.
Hukucheka. Uliigonga kwa kucha,
ukaikunja, ukaikunjua, mara nne, mara tano.
"Bawaba zao hizi," ukasema, "mimi siziwezi."
Ukaigeuza tena kuchungulia msumari ulipoingilia.
Kisha ukavuta springi ya lori bovu chini ya benchi:
meno utakata humo.

Nikakuuliza, lori hilo la wapi? Sweden.
Na vijiti vya kuchomelea? Ulinionyesha pakiti,
maandishi yale yale ya Bibi Lin.
Na diski ya kukatia? Ukakohoa.
Basi tuliyoiita ya nyumbani, Fundi, ni ipi?
Ukanyoosha mkono kuomba tochi, nikakupa,
swali likabaki hapo sakafuni na vumbi la chuma.

Arobaini kwa wiki, ukasema.
Nilipiga hesabu njiani: wiki sabini na tano.
Mwanamkasi hanisalimii tena.

Nimeleta arobaini za kwanza, kwa mkokoteni.
Leo Jumanne.
Umeme umekatika.
Nimekunjua moja mlangoni pako, nimeikalia.
Kwa kukalia, haina kasoro.