Laki Kasoro Kumi

Kwenye mgao wa kikoba wa Desemba
nilitoa ada, nikatoa kodi, nikamlipa Mangi wa dukani,
zikabaki laki kasoro kumi.
Tunu akasema: hizo za moshi wako.
Akanipa zimekunjwa ndani ya bahasha ya dawa.

Mwaka wa pili huu nahubiri moshi.
Si mishikaki ya kona, ya kugeuzageuza na kupepea;
nataka nyama inayolala.
Mbavu ziingie asubuhi, zitoke alasiri,
mfupa uchomoke wenyewe kama jino la mtoto.

Kariakoo nililiona lenye magurudumu,
jeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi.
Kijana muuzaji akainua mfuniko kwa kidole kimoja.
Kidole hicho ndicho kilichonitia shaka.
Nikaligonga: ti, ti, kopo la maziwa.
Likionja jua la Tabata na masika moja
yatabaki magurudumu.
"Laki na themanini, bei ya kaka."
Sina udugu wa kiasi hicho.

Nikashuka Gerezani, kwenye nyundo na cheche,
kwa fundi Pazi, aliyekuwa anakula muhogo
amekalia bidhaa yake.
Nikamweleza: mkaa huku, nyama kule,
moto usiiguse nyama, moshi tu ndio uiguse.
Akatafuna. Akameza.
"Wahenga wamesema pafukapo moshi pana moto.
Wewe umekuja kuwasahihisha?"
Moto upo, nikamwambia, ila ukae kama mkwe:
usikike, usionekane.
Akacheka mpaka muhogo ukamkwama.

Mapipa yalikuwa matatu.
La kwanza elfu sitini, la bluu, maandishi yamekwanguliwa.
"Lilibeba nini?"
"Vitu vya kawaida tu."
Nikaingiza kichwa. Kawaida hiyo iliniuma macho.
La pili kitako kimeoza.
La tatu lilibeba mafuta ya alizeti,
Singida bado inanukia ndani.

Akalipasua, akalitia bawaba.
Nikawasha tochi ya simu, nikailaza ndani, nikafunga,
nikazunguka nimeinama kama niliyedondosha sindano.
Panapochungulia mwanga ndipo moshi utakapotorokea.
Nyufa tatu. Nikazitia chaki.
Pazi akazichomelea bila kuniangalia,
akatoboa matundu mawili ya hewa,
akayawekea vibati vya kuyafungua na kuyafunga,
akaweka miguu ya nondo,
na mshikio wa mpini wa jembe.

Elfu themanini na tano.
Tano iliyobaki ilikuwa ya guta.
Mwenye guta alitaka nane;
tukaelewana kwa tano, na mimi nisukume kwenye vilima.
Sikujua kama Dar ina vilima vingi hivyo.

Jumapili, ua wetu wa Kimanga,
wapangaji wanne, bomba moja.
Mama Riziki alikuwa amenitunzia magogo ya mpera
uliokatwa kupisha ukuta.
Nikawasha.
Moshi ukafuata njia tuliyouchorea.
Watoto wakaja na sahani.
Mzee Ngwali wa nyumba ya pili akajitokeza juu ya ukuta,
kichwa tu, akauliza kama kuna shughuli.

Ikabidi niseme ukweli: moto wa kwanza hauna nyama.
Unachoma dhambi za pipa,
rangi na kutu na safari zake za nyuma.
Masaa matatu, mkaa wa elfu tatu,
kuichoma hewa.

Hakuna aliyeondoka.
Tunu akaleta chai na maandazi,
tukakaa tunalitazama likifuka,
watoto na sahani tupu mapajani.
Kila dakika kumi naziba tundu nusu,
nalizibua robo,
naandika kwenye daftari la mahesabu ya dukani
kana kwamba najua ninachoandika.

"Na nyama lini?" akauliza Mzee Ngwali.
"Mshahara ukitoka."
Kichwa kikazama nyuma ya ukuta,
tukasikia ndoo ikiburutwa.
Kikapanda tena, hatua mbili kulia,
upande unaokwenda upepo.