Jani la Kwanza

Laki tatu na elfu arubaini,
pesa za watu kumi na saba ndani ya mfuko wa sukari,
noti nyingine bado zanuka mwani.
Wasasi wa Mtende wamenituma mjini mimi
kwa kuwa nasoma namba bila ya miwani,
na kwa kuwa, alisema Vuai,
sina haya ya kuomba kupunguziwa.

Tunataka darubini.
Si ya kutazamia mwezi. Ya kupimia:
unaminya kidude, nacho kinakwambia
nguruwe yupo mita ngapi na wewe.
Hatumli, huyu. Yeye ndiye anatula sisi:
muhogo wa Kazija, matuta tisa usiku mmoja,
viazi vya mjane wa Pandu, hata mbegu hakubakisha.

Nyuma ya soko la Darajani, Akberali
akazipanga tatu juu ya kabati la kioo.

Ya kwanza, yapima mita elfu moja na mia tano.
Nikacheka.
Bwana wee, nikipima hivyo kutoka kwetu
nitakuwa nimeshaupita msitu, nimeupita ufuo,
nawapimia changu na pono.
Kule mti umeota juu ya jiwe kali,
midaa na mikwamba imeshikana mikono,
jicho haliendi mita themanini halijagonga kitu.
Hizo zinazobaki nilipie za nini?

Ya pili rahisi, nyepesi kama ganda la korosho.
Nikailenga dirishani, ukuta wa mkabala: tano.
Kanga zilizoanikwa ghorofani: tano.
Mnara wa msikiti, kule mwisho wa mtaa: tano.
Nikaishusha, nikatazama.
Ilikuwa inapima nondo za dirisha.

"Za bei hiyo ndivyo zilivyo," akasema.
"Mwanga wake hurudi kwenye jani la kwanza."

Jani la kwanza.
Nikamkumbuka Yatakwisha, mbwa wa Simai.
Mwaka jana, kiza kinaingia, kitu kikatikisika,
Simai akasema: kule, mbali, ni yeye.
Kumbe hapa, karibu, mbwa wake mwenyewe.
Tulimzika na kengele yake shingoni
na hakuna aliyemlaumu Simai kwa sauti.
Macho yetu nayo, yasiyotiwa betri,
huishia pale pale.

"Ya tatu?"
Ya mkononi. Mgeni aliiuza akirudi kwao.
Ubavu umechubuka, ukanda wake kamba ya nailoni,
mwisho wake mita mia nne tu.
Lakini ina kitufe cha pili, kidogo kama punje ya mtama:
ukikiminya hupuuza kilicho karibu,
huhesabu kilicho nyuma.
Nikaingia nayo stoo, nikafunga mlango,
kwani nguruwe haji saa sita ya mchana.
Katika kiza kile nikaona maandishi ya gunia,
nikaona mshono wake.

"Laki nne."
"Laki tatu."
"Una watoto, mimi sina?"
"Ninao kumi na saba, wote wana bunduki."
Akacheka, akaumia, akakubali:
laki tatu na thelathini, na betri moja ya ziada.
Urojo wa pale nje nikaunusa tu.

Jioni Kazija akainyang'anya kabla sijavua viatu.
Akalenga kutoka mlango wa jiko hadi kitalu cha muhogo.
"Mia moja na kumi na tisa," akasoma, taratibu.
Kisha akanyamaza.
"Basi ndiyo hiyo,
ndiyo niliyokuwa naitembea usiku, peke yangu, napiga debe?"

Sikuwa na jibu.
Akanigeuzia mimi, hatua mbili mbele yake, akaminya.
Kikatoka kistari, na kistari.
"Imeharibika?"
Hapana, nikamwambia. Kilicho karibu mno haikipimi.

"Wala wewe," akasema,
akaenda kuepua chungu.