Tanbihi ya Arobaini na Moja

Ada ya muhula wa kwanza ilikuwa na pembe nne:
madume wawili, Msalato, mnada wa Jumamosi.
Mama alihesabu noti mara tatu, akilamba kidole,
akaniuliza mbele ya dalali, bila haya,
"Kiingereza si unakifundisha tangu mwaka juzi?
Sasa unakwenda kukisomea nini tena?"
Dalali akacheka. Nami nikacheka.
Jibu sikuwa nalo.

Chumba changu Ng'ong'ona kina dirisha moja na upepo.
Upepo wa huku haubishi hodi:
huingia na vumbi lake, ukalilaza
juu ya kitanda, juu ya sufuria, juu ya sura ya pili,
hata mashairi ya majira manne
yakabaki na haya yetu mawili,
kifuku na kiangazi.

Miezi saba nimeandika juu ya theluji.
Nimeipitisha katika nadharia tatu,
nimeipa vichwa vidogo na namba za desimali,
mimi ambaye baridi kali niijuayo
ni ya Julai, saa kumi na moja alfajiri,
kwenye foleni ya maji, mpini wa ndoo ukiuma vidole.
Dokta Lwitiko huandika pembeni kwa wino mwekundu,
herufi ndogo kama sisimizi waliokanyagwa:
Haya wamesema wao. Wewe je?

Nikaenda Mvumi, rasimu ndani ya kiroba.
Mama alikuwa akipepeta uwele.
"Nisomee hicho kilichokula ng'ombe wangu."
Nikamsomea kwanza kilivyo, asikie mlio tu.
Akasema, "Kinatembea kama mtu mwenye kiatu kimoja."
Ni kweli. Silabi nyepesi, silabi nzito,
nyepesi, nzito, hadi mwisho wa mstari;
darasani tulilipa jambo hilo wiki mbili.

Kisha nikafasiri, nikikwama:
Mtu yuko dirishani, usiku, nchi ya mbali.
Theluji inaanguka. Amenyamaza. Analia.

"Theluji ndiyo nini?"

Nikatazama ungo.
"Ni kama hizo pumba, mama, ila nyeupe.
Kama unga, unashuka polepole kutoka mbinguni
usiku kucha, mpaka paa na njia vifunikwe."

Ungo ukasimama hewani.
"Unga unashuka kutoka mbinguni,
na mtu amekaa dirishani analia?"
Akafikiri. Kuku wakazisogelea punje.
"Basi huyo hana wa kumsongea."

Tanbihi arobaini zimetangulia,
zote zikiuzunguka upweke wa mtu yule
kama inzi wauzungukao mtungi uliofunikwa.
Usiku ule niliandika kwa tochi ya simu,
aya moja, kisha tano,
kisha sura ya tatu nzima ikahamia jikoni.

Sasa nimefika kwenye marejeo,
na marejeo yana sheria: jina la ukoo, mkato,
jina la kwanza, mabano, mwaka, nukta.
Chedego, Perusi.
Alfabeti imemketisha kati ya maprofesa wawili,
mmoja marehemu, na hakuna kati yao
aliyewahi kuonja mlenda.
Kwenye mabano nimekwama. Mwongozo wa chuo unasema
mwaka usipojulikana, andika h.t.,
yaani hakuna tarehe.

Hakuna tarehe! Mama yangu,
ambaye hata kuzaliwa kwangu amekuwekea alama:
mwaka ule mvua ilipokata Februari
na mtama ukakauka ungali na maziwa.

Nimeandika hivyohivyo, ndani ya mabano,
mstari mzima na nusu.
Jumatatu napeleka.
Bahasha iko mezani, imeshashika vumbi,
na gundi nimeilamba kama mama alambavyo kidole
akihesabu noti.
Wino mwekundu na uje.